Mlima wa nyuma ya nyumba na karatasi iliyobaki mezani

KWA mkazi wa Morogoro, Milima ya Uluguru si habari. Ipo asubuhi mtu anapofungua dirisha, ipo jioni anapofunga duka, na mgeni akiisifu, mwenyeji huitikia kwa adabu tu, kama mtu aliyesifiwa ukuta wa jirani yake. Sisi tumeishi chini ya milima hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Tumekunywa maji yake, tumekula karoti na njegere zake, na tumewaelekeza wageni njia kwa kuitumia. Hata hivyo, hatukuwahi kuipanda. Zaidi ya hayo, kwa kuwa kibla kwa watu wa Morogoro kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, na milima imekaa kusini mwa mji, miaka yote hiyo tumesali tukiwa tumeipa mgongo.

Msomaji atuwie radhi kwa jambo moja kabla hatujaendelea. Tunaposema "sisi" tunafuata desturi ya kalamu. Siku tunayoisimulia hapakuwa na kundi. Alikuwapo mtu mmoja mwenye umri wa miaka 54, fimbo moja, na mkoba wa mgongoni ulioazimwa kwa mwanafunzi wa sekondari.

Sababu ya safari ilikuwa presha. Mwezi wa Aprili tulipimwa, na kipimo kikasoma juu kuliko inavyotakiwa. Daktari alituuliza tunafanya kazi gani, tukamwambia kwamba kazi yetu ni ya kukaa na kuandika. Akauliza tunatembea kiasi gani kwa siku, nasi tukanyamaza. "Mzee," alisema, "anza kutembea kabla hatujaanza kuzungumzia vidonge." Tukaanza. Kwa miezi miwili, kila baada ya Sala ya Alfajiri, tulizunguka mtaa hadi mbwa wa mtaani wakachoka kutubwekea. Hapo ndipo tulipogeuka na kuutazama mlima.

Marafiki wawili waliahidi kufuatana nasi. Mmoja alipatwa na msiba, mwingine akapata ugeni. Siku ilikuwa imepangwa, mkate ulikuwa umenunuliwa, na moyo ulikuwa umekwisha kutoka nyumbani. Tukasema tutakwenda peke yetu.

Masharti matatu

Mama watoto hakukataa. Alileta karatasi na kalamu, akaviweka mezani.

"Baba watoto," alisema, "andika njia unayopita na mahali unapoishia. Ukifika hapo, geuka. Na uwe nyumbani kabla ya Alasiri. Hayo matatu tu."

Tuliandika: Njia ya Boma, barabara ya mlimani, Morningside, kurudi njia ileile, nyumbani kabla ya Alasiri. Morningside ni jumba la zamani lililojengwa enzi ya Wajerumani kwenye bega la mlima, juu ya mji. Wenyeji wengi wa Morogoro hulijua kwa jina hata kama hawajalifikia. Kutoka mjini ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida. Mama watoto aliisoma karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari.

"Hii," alisema, "ndiyo itakayotuambia tukutafute wapi."

Tulicheka. Tuliona ni hofu ya kawaida ya mtu wa nyumbani. Lakini tungefikiri kidogo tusingecheka. Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.) mna tahadhari ya wazi juu ya mtu kusafiri usiku peke yake. Na sira hiyohiyo inatueleza kwamba kabla ya utume alikuwa akijitenga katika pango la Hira, kwenye mlima usio mbali na nyumbani kwake Makka, akikaa huko siku kadhaa, kisha akirudi kwa Bibi Khadija kuchukua masurufu mengine. Wengi wetu hukumbuka pango na upweke. Ni wachache wanaofikiri juu ya nyumba iliyojua alipo, iliyomtayarishia chakula na kumsubiri.

Njia ya kupanda

Tuliondoka mara jua lilipochomoza, saa 1 kasorobo, mwishoni mwa Juni. Masika yalikuwa yamekwisha, udongo umeshikana, na hewa ina baridi ya kumfanya mtu afunge kifungo cha juu. Barabara hupita kwanza kwenye nyumba za mjini, kisha huanza kupanda bila kuomba radhi. Katika nusu saa ya mwanzo tulisimama mara nne, kila mara tukijidai kutazama mandhari.

Wakati sisi tunapanda, watu wengine walikuwa wanateremka. Walikuwa kina mama wenye vikapu na ndoo kichwani, zimejaa kabichi, vitunguu na majani ya maboga, wakiwahi soko la asubuhi. Walitembea upesi, shingo zimenyooka, na walikuwa na pumzi ya kutosha ya kusalimiana. "Shikamoo baba," walisema wale wa umri mdogo, na kabla "marahaba" yetu haijatoka vizuri kifuani walikuwa wamekwisha kupita kona. Hapo tulipata somo letu la kwanza. Kile ambacho kwetu kilikuwa safari ya afya na jambo la kuandikia gazeti, kwao kilikuwa njia ya kwenda sokoni.

Baada ya saa moja na nusu hivi tulimkuta mzee mmoja akipalilia maharage kwenye shamba lililosimama kama ukuta. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza tunakwenda wapi na tuko wangapi. Tulimjibu kwamba ni mtu mmoja, na mwisho wa safari ni Morningside.

"Mmoja," alirudia, kama mtu anayeandika kwenye daftari.

Alitukaribisha tukae juu ya jiwe. Alituambia kwamba shamba lile si lake. Ni la ukoo wa mkewe, kwa kuwa kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Yeye mwenyewe alizaliwa upande wa Matombo, mashariki ya milima. Alikuwa mtoto wakati Waingereza walipowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia huenda ilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa ya amri.

"Baba yangu alichimba," alisema. "Udongo mzuri ulifukiwa, ule wa chini ukawa juu. Mahindi yalikataa." Mwaka 1955 manung'uniko ya Uluguru yaligeuka ghasia, na hatimaye mpango ule ukaachwa. Mzee aliueleza mkasa huo kwa sentensi tatu, akarudi kwenye maharage yake.

Tulipoinuka, alitazama juu, mahali ambapo hatukuona kitu ila anga la buluu.

"Ukungu ukishuka usishindane nao, mwanangu. Kaa kitako. Utapita wenyewe."

Tulimshukuru kama mtu anavyoshukuru ushauri ambao hadhani atauhitaji.

Maji yanayokwenda mbali

Saa 4 asubuhi tulifika Morningside. Jumba limechakaa, lakini mahali lilipo pamechaguliwa na mtu mwenye macho. Mji wote wa Morogoro umelala chini: mabati yanameta, barabara ya Dodoma imenyooka kama uzi, na ng'ambo kabisa kuna milima mingine iliyofifia kwa umbali. Kwa mara ya kwanza tuliutafuta mtaa wetu kutoka juu, tukaupata kwa kufuata mnara wa msikiti.

Tulikaa, tukala mkate na ndizi, tukasikiliza maji. Mtu aliyekaa mjini hudhani maji hutoka bombani. Huku juu huyaona yakianza safari, membamba kama mkono wa mtoto, yakipita chini ya migomba. Maji ya mteremko huu huingia Mto Morogoro na kisha Ngerengere, na Ngerengere ni miongoni mwa mito inayoingia Ruvu. Vijito vya pande nyingine za milima, pamoja na Mto Mgeta, navyo huishia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam na mkoa wa Pwani. Bwawa la Mindu, linalouhudumia mji wa Morogoro, nalo liko juu ya Mto Ngerengere. Kwa hiyo Mwislamu anayetia udhu Magomeni au Kibaha, pengine hajawahi kuiona Uluguru, lakini Uluguru imekwisha kufika mikononi mwake.

Siri ya maji hayo ni msitu ulio juu ya mashamba. Uluguru ni sehemu ya safu ya kale inayoitwa Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara na Nguru hadi Udzungwa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hii, zikapoa, zikawa ukungu na mvua. Msitu huunasa unyevu huo na kuuachia polepole, na ndiyo maana vijito hutiririka hata wakati wa kiangazi. Humo huishi viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani, akiwamo ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye hajulikani kuishi nje ya Uluguru. Kilele kirefu zaidi, Kimhandu, kina zaidi ya mita 2,600. Kilele cha Bondwa, kinachoonekana kutoka mjini kwa minara yake ya mawasiliano, kina zaidi ya mita 2,000.

Bondwa ndiyo iliyotuponza.

Hatua zilizozidi

Kutoka Morningside, minara ya Bondwa ilionekana karibu sana. Ilikuwa saa 4 na dakika 20. Miguu ilikuwa bado na nguvu, na anga lilikuwa safi. Tuliiambia nafsi kwamba hatuendi kileleni. Tunakwenda mpaka ukingo wa msitu tu, tuutazame, turudi. Kuingia msituni kunahitaji kibali, nasi hatukuwa nacho kwa kuwa hatukukusudia kufika huko. Lakini nafsi ni hodari wa kutafuta njia ya kupita kando ya ahadi. Karatasi ilisema Morningside. Tulijiambia kwamba ukingo wa msitu ni kama Morningside.

Tulishika kijia kinachopita kando ya miti. Tulipiga picha za maua, za mji, za kinyonga aliyetukodolea jicho moja. Tulipotazama simu tena, chaji ilikuwa imebaki kidogo. Hatukujali. Mbele kidogo kijia kiligawanyika, tukashika cha kushoto. Kikagawanyika tena.

Ukungu haukuja kwa kishindo. Kwanza mji ulififia, kama mtu aliyepuliza pumzi kwenye kioo. Kisha migomba ya chini ikatoweka. Kisha, katika muda wa kusoma ukurasa mmoja, tukawa hatuioni miti iliyokuwa hatua 20 mbele yetu. Jua halikuonekana. Simu ilitoa mlio mfupi, ikazimika.

Tuseme ukweli: tuliogopa. Hatukuwaogopa wanyama wala majini. Tuliogopa ule ukimya, na wazo lililoingia akilini bila kubisha hodi: hapa tulipo, hakuna anayejua.

Maneno ya mzee yalikuwapo kichwani, lakini hofu haipendi kukaa kitako. Tulisikia kijito upande wa chini, tukafikiri kwamba maji huteremka mjini, hivyo tuyafuate. Hilo ndilo kosa ambalo wajuzi wa milima huonya dhidi yake, kwa sababu maji hayaogopi korongo wala mwamba. Hatua ya nane au ya tisa, jani lenye unyevu liliteleza chini ya kiatu. Tulishuka kwa mgongo kiasi cha urefu wa nyumba, tukasimamishwa na kisiki. Goti la kulia lilijipinda. Fimbo iliendelea na safari bila sisi, tukaisikia ikigonga mawe chini, mbali kuliko tulivyodhani.

Sauti ile ya fimbo ndiyo iliyotukalisha kitako.

Tulikaa kwa muda mrefu. Tulipokisia kwamba wakati wa Adhuhuri umeingia, tulitia udhu kwa maji ya kijito, yaliyo baridi kama barafu. Safari yenyewe haikufikia umbali wa kukata sala, kwa hiyo tulisali rakaa nne kamili. Shida ilikuwa kibla. Hakukuwa na jua, hakukuwa na simu. Tulijitahidi kwa hoja moja tuliyokuwa nayo: milima iko kusini mwa mji, mteremko unaelekea mjini, basi kule unakoshuka mteremko ndiko kaskazini. Tukasali hivyo.

Ilikuwa yapata saa 8 mchana ukungu ulipoanza kuchanika. Mji ulitokea vipande vipande: bati, mti, barabara. Lakini haukutokea mbele yetu. Ulikuwa mkono wetu wa kulia. Bonde dogo tulilokuwa ndani yake halikuelekea kaskazini, bali magharibi, na sala yetu ilikuwa imeelekea huko. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo, aliyebainikiwa kwa yakini kuwa alikosea kibla huirudia sala yake. Tukairudia palepale, safari hii tukiwa tumeuelekea mji. Katika miaka yetu yote ya kusali Morogoro hatujawahi kuwa na nyumba yetu mbele yetu namna ile, na moyoni hatujawahi kujiona tuko mbali nayo kama siku ile.

Mzee aliyehesabu

Kushuka kwa goti baya ni adhabu ya pekee. Tulikata tawi likawa fimbo mpya, tukajiburura hadi kwenye kijia, kutoka kijia hadi Morningside, na kutoka hapo hadi barabarani. Ilikuwa saa 9 na nusu tulipolifikia shamba la maharage.

Jembe lilikuwa limekwisha kuoshwa na kufungwa kwenye kamba. Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe lilelile, na pembeni yake kijana wa kama miaka 15.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

Tulimuuliza kwa nini hajarudi nyumbani. Alitushangaa kwa kuuliza.

"Asubuhi alipanda mmoja," alisema. "Hajashuka mmoja. Nitaondokaje? Huyu mjukuu wangu nilikuwa nimtume juu sasa hivi."

Alilitazama goti letu, akamwambia kijana atushike mkono hadi barabara pana. Tulitia mkono mfukoni. Akatikisa kichwa kabla mkono haujatoka. "Nenda," alisema, "wa kwenu wanakusubiri."

Tuliteremka na kijana yule huku tukiwaza hesabu ya mzee. Tulikuwa tumejisifu moyoni kwamba tunakwenda peke yetu. Kumbe tangu asubuhi kulikuwa na mtu asiyetujua kwa jina aliyekuwa ametubeba kama amana, na uzito wa amana hiyo ulimzuia kwenda kula chakula chake.

Ilivyokuwa nyumbani

Alasiri tuliisali kwenye msikiti mdogo chini ya mlima, na saa 11 na nusu tulifika mtaani kwetu. Binti yetu mkubwa alikuwa amesimama mwisho wa barabara. Kando yake alikuwapo jirani, pikipiki yake ikiunguruma, na nyuma ya jirani kijana mwingine mwenye tochi. Mkononi mwa binti yetu mlikuwa na karatasi.

"Baba," alisema, na hakuweza kuendelea.

Mama watoto alitupokea bila neno. Alileta maji ya moto yenye chumvi kwa ajili ya goti, akaleta chai, akakaa. Tulieleza yote, pamoja na ile sehemu ya kushika kijia cha ukingoni, kwa sababu aliyeogopa kwa ajili yako ana haki ya kuujua ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunjua ile karatasi, akaiweka mezani mbele yetu.

"Hapa umeandika Morningside," alisema. "Tungekutafuta Morningside. Tungepiga kelele pale usiku kucha, na wewe haupo."

Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Hatukuwa tumeandika uongo. Tuliandika ukweli asubuhi, kisha tukaugeuza kuwa uongo saa 4 na dakika 20, kwa hatua zetu wenyewe, bila kumwambia yeyote. Binti na jirani wangepanda gizani, wakihatarisha maisha yao, kwa kuiamini karatasi ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeacha kuiheshimu. Laiti mmoja wao angeteleza, ungekuwa mguu wake, lakini kosa lingekuwa letu.

Hilo ndilo tulilolipata mlimani, na ndilo tunalotaka kulileta katika ukurasa huu wa familia. Mtu anaweza kutembea peke yake, lakini hawezi kupotea peke yake. Akipotea, hupotea na watu wote waliomfungulia mlango asubuhi. Kwa hiyo ahadi aliyoiacha nyumbani, ya njia na saa, haipaswi kuguswa akiwa mbali nao. Akitaka kubadili njia, arudi kwanza, au awaambie kwanza. Na hilo si la mlimani pekee. Baba anayesema anakwenda Msamvu akaonekana Mikumi, au kijana anayeaga kwamba analala kwa shangazi naye yuko kwingine, wote wameiacha nyumba ikiwa na karatasi isiyo ya kweli.

Kwa anayetaka kupanda

Hatukusudii kumtisha mtu. Mlima ulio karibu na nyumbani ni neema, na kutembea ni dawa isiyouzwa. Tunaongeza machache tuliyojifunza kwa goti letu.

Mwenye presha, sukari au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kupanda, na aanze kwa kutembea tambarare kwa wiki kadhaa. Dawa zake awe nazo mkobani. Aondoke mapema, kwa kuwa ukungu na mawingu mara nyingi huja kadiri mchana unavyosogea, na apange saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, si akiwa juu. Saa hiyo ikifika ageuke, hata kama kilele kiko mbele ya pua. Avae viatu vyenye soli inayoshika, achukue maji ya kutosha, nguo ya baridi, filimbi na tochi. Simu iwe ya kuwasiliana kwanza, picha baadaye. Akipotea asiteremkie korongoni kwa kufuata maji. Akae, apulize filimbi, angoje hali ya hewa ifunguke.

Anayetaka kwenda zaidi ya mashamba ajue kwamba msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Apate kibali na mwongozaji. Mwongozaji ni kijana wa mlimani, na ujira wake hubaki kwa watu wanaotulindia maji.

Na njiani asalimie watu. Aliyekusalimia anakukumbuka, na anayekukumbuka atakuhesabu.

Mara ya pili

Wiki tano baadaye goti lilipopona, tulipanda tena, peke yetu, siku ya Jumamosi. Karatasi ilikuwa na maneno yaleyale. Mkobani tulibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai, na mzee alivipokea kwa mikono miwili, akatazama nyuma yetu.

"Mmoja?" aliuliza.

"Mmoja, mzee. Morningside, na kurudi."

Saa 3 na nusu tulikuwa juu. Bondwa ilisimama wazi kabisa, bila wingu hata moja, minara yake ikimeta. Tuliitazama kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha tukageuka. Tulipopita shambani mzee aliinua jembe kidogo, bila kusema neno, akaendelea na kazi.

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta tunavua viatu barazani. Mama watoto alitoka ndani, akatutazama kuanzia kichwani hadi magotini, akaenda mezani, akaitoa karatasi chini ya kopo la sukari na kuichana.

"Nenda kasali," alisema. "Chakula kiko tayari."